Maandishi Juu ya Mlango wa Mbele

Kila aliyefika Minnesota mwanzoni mwa miaka ya tisini alitakiwa kutuma nyumbani picha ya theluji. Hukuambiwa na mtu, ulijua tu. Kwetu tulikuwa na koti moja jekundu, refu, lenye manyoya kwenye kofia, la Mkenya mmoja tuliyekuwa tukipanga naye Brooklyn Park. Koti lile lilipigwa picha na wanawake sita kwa hesabu yangu. Ukikusanya picha zilizofika Nyeri, Kisumu, Moshi na kwetu Usambara, ungedhani Marekani wanagawa sare.

Wengi walisimama kando ya gari la mtu, mkono juu ya boneti, uso mkavu kama wa mwenye mali. Mimi sikulitaka gari. Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza mstaafu, mtu wa kupima maneno, na siku zote alisema gari ni bati lenye haraka. Nyumba ndiyo kitu. Basi nikaamua nitapiga picha mbele ya nyumba.

Na nyumba nilikuwa nayo, maana nilikuwa naiingia kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulelea wazee, nje kidogo ya Saint Paul, juu ya kilima. Jengo la matofali mekundu, la zamani sana, ghorofa tatu, madirisha marefu, minara miwili ya mapambo isiyo na kazi yoyote. Ukilitazama kutoka barabarani ungesema hapa anakaa gavana. Ndani palinuka mkojo na supu ya kuku. Sisi wafanyakazi tulipita karibu na mapipa ya taka, tukavaa sare, tukaanza kuogesha watu. Mlango wa mbele ulikuwa wa wageni, na wageni wenyewe walikuja Krismasi.

Siku ya picha ilikuwa Januari. Mwenye koti alishika kamera, mimi nikavaa koti, tukazunguka mbele kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kiangazi ukuta ule ulifunikwa na mmea mtambaa kuanzia chini hadi paa, lakini wakati huo majani yalikuwa yamepukutika yote, matofali yako wazi. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Mwenzangu alipiga kelele, "Smile haraka, wee, vidole vyangu vinaisha!" Nikatabasamu, tukakimbilia ndani. Nilikuwa nimeipa nyumba mgongo muda wote. Sikuitazama hata kidogo.

Nyuma ya picha niliandika: "Mimi, Januari. Baridi kali." Mbele ya Mungu, hayo tu. Hakuna uongo hapo.

Baada ya wiki tano ikaja barua ya baba. Alisema wameiona nyumba. Mama anauliza ina vyumba vingapi.

Mtu mwenye akili angejibu kwamba ile ni kazini. Mimi nikajibu: "Vingi, baba." Na kweli vilikuwa vingi. Niliipeleka barua posta nikijiona mjanja.

Tangu hapo baba akawa na maswali ya ajabu. Je, mnakula mara ngapi kwa siku? Mablanketi yanatosha? Mnalala wangapi chumba kimoja? Safari moja akauliza kama tunaruhusiwa kutoka nje. Nilicheka mpaka nikamsomea mwenzangu. Nikasema mzee wangu anazeeka, anadhani theluji imetufungia milango. Nikamjibu kwa upole: tunakula vizuri, blanketi ninayo, kutoka tunatoka. Sikumweleza zaidi. Nilisikia kwa mtu aliyetoka likizo kwamba picha iko sebuleni, kwenye fremu, na kwamba kila mgeni anaambiwa pale ni kwa binti wa mwalimu. Loo! Hapo tena utarudije nyuma? Nilijifariji kwamba heshima ya baba inaning'inia kwenye msumari ule, nikiung'oa nitamvua nguo mzee wa watu.

Historia ya jengo niliipata kwa mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha siku za Jumanne na Ijumaa. Alikuwa amefanya kazi reli maisha yake yote, mikono mikubwa, masikio yenye nywele, mkali kama pilipili. Siku moja namsugua mgongo akaniuliza kama najua niko wapi. Nikasema niko kazini. Akacheka akakohoa. Akaniambia hapa palijengwa enzi za babu yake pawe nyumba ya maskini. Ukifilisika, ukiugua, ukizaa bila mume, ukizeeka bila mtoto, unaletwa hapa kwa mkokoteni. Mke upande huu, mume upande ule, na kulima shamba la wilaya mpaka ufe. Nyuma, ng'ambo ya mapipa yetu, kulikuwa na vijiwe vidogo vimejipanga kwenye nyasi, vina namba tu. Nilikuwa nimekula chakula cha mchana pale wiki nyingi nikidhani ni alama za mabomba.

Baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa kifua, kisha nyumba ya wazee. Kila mara walibadilisha kibao cha barabarani na kupaka rangi ukumbi. Mabafu, alisema, ni yaleyale.

"Mama yangu alinitisha na jengo hili nikiwa mtoto," aliniambia. "Usipofanya kazi, utaenda kilimani. Nimefanya kazi miaka hamsini. Na nitazame."

Nilimtazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, povu hadi kifuani. Nikamwagia maji ya moto kidogo kwa sababu aliyapenda hivyo.

Haikupita muda nyumba ikafungwa. Walisema ngazi ni nyingi na nyaya ni za zamani. Wazee wakatawanywa kwenye majengo mapya ya ghorofa moja, yenye zulia na picha za bata. Yule wa reli alipelekwa Lakeville, jirani na binti yake, akaondoka akiwa ameshika redio yake mapajani na kuwatukana waliombeba. Mimi nikapata kazi Oakdale na nikaendelea na masomo ya uuguzi. Jengo likazungushiwa uzio. Kule Usambara, kwenye fremu, nikawa bado nakaa humo.

Nilipokaribia kuhitimu, baba akaandika kwamba mama atakuja kuniona. Yeye mwenyewe magoti hayamruhusu. Aliandika: "Mama yako aone kwa macho yake unapokaa." Mstari huo aliupigia mstari chini.

Usingizi ukanipaa. Mama yangu si mtu wa kudanganywa. Ni mzee wa kanisa, anayeweza kumtazama mtu akiimba kwaya akajua amegombana na mkewe. Mwenye koti jekundu, ambaye bado nilikuwa nakaa naye, akaniambia, "Si umwambie tu ukweli? Mbona unaji-stress?" Nikamwambia hajui kwetu. Akasema kwao pia kuna kwetu. Tukakosana siku mbili.

Kisha nikapita barabara ile na nikaona kibao kipya. Jengo linageuzwa fleti za kuuza. Fleti ya mfano iko tayari, karibuni wote, Jumamosi na Jumapili. Nikasema Mungu hamtupi mja wake. Mpango ukajipanga wenyewe kichwani: nitampeleka mama moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, aone, akae kidogo, halafu nimwambie kuna mafundi wanapaka rangi, kwa hiyo tutalala kwa marafiki Brooklyn Park. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi niliihesabu: dakika ishirini kwa gari.

Mama alitoka uwanjani amevaa kitenge, sweta mbili na raba nyeupe alizonunuliwa na kanisa. Tulikumbatiana tukalia, maana ilikuwa miaka mitano. Mkoba wake mweusi hakukubali niushike. Nilimuuliza kama amechoka, kama anataka kula kwanza.

"Nipeleke kwako kwanza," alisema. "Nimetumwa."

Tukaenda. Mwezi wa Mei, jua zuri, nyasi mpya. Nikaegesha gari mbele, si kwenye mapipa, nikashuka kama mwenyewe. Halafu nikainua macho.

Mmea mtambaa walikuwa wameung'oa wote. Matofali wameyasugua yakawa mekundu kama yametoka tanuruni jana. Na juu ya mlango wa mbele, kwenye jiwe refu ambalo miaka yote sikuliona, palikuwa na maandishi makubwa ya kuchongwa, nao wameyapaka rangi ya dhahabu: NYUMBA YA MASKINI YA WILAYA. Kwa Kiingereza, bila shaka. Pembeni, kibao cha kampuni kilitangaza kwa fahari makazi ya kifahari ya Nyumba ya Maskini, yenye historia, yenye maegesho ya chini kwa chini. Watu wale walikufa kwa aibu ya jina lile, na sasa linauzia fleti. Ama kweli, umaskini wa marehemu una bei nzuri.

Nilishukuru Mungu kwamba mama hasomi Kiingereza. Lakini mama alikuwa amesimama. Akafungua mkoba, akatoa kipande cha karatasi, akakitazama, akautazama mlango, akakitazama tena. Midomo yake ilikuwa ikienda polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza anayefuatisha herufi. Akakirudisha mkobani. Nikadhani ni karatasi za uhamiaji.

"Haya," alisema. "Ingia."

Dada wa mauzo alitupokea, suti ya bluu, meno mengi. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama yangu anapenda majengo ya zamani. Nikamwambia mama kwa Kiswahili kwamba huyu ni msimamizi, ametuwekea mlango wazi. Tangu hapo nikawa mkalimani wa shetani. Dada akisema meza ya jikoni ni ya jiwe kutoka Italia, mimi nasema, "Anakuuliza habari za safari." Mama anasema, "Mwambie nzuri, tunamshukuru Mungu," mimi namwambia dada kwamba mama ameipenda sana rangi ya makabati. Tulikwenda hivyo chumba hadi chumba. Nilitambua madirisha. Pale palipokuwa na kochi jeupe, ndipo kilipokuwa kitanda cha mzee wa reli.

Mimi niliyatazama madirisha. Mama alitazama mambo mengine. Kwetu mama akifika kwa mwanawe hakai sebuleni, anakwenda jikoni. Akafungua friji. Haikuwa na hata taa, haikuwa imechomekwa. Akafungua kabati la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna unga, hakuna chumvi, hakuna sufuria, hakuna hata kikombe. Akapitisha kidole kwenye jiko: halina doa. Akaenda chumbani, akakuta kitanda kina mito saba, akafungua kabati la nguo, akakuta hanga tupu zimejipanga. Bafuni kulikuwa na taulo moja limefungwa utepe. Sabuni hakuna.

Alirudi akakaa kwenye kiti, mkoba mapajani.

"Mwanangu, unakula nini?"

"Nakula kazini, mama."

"Nguo zako ziko wapi?"

"Ziko kwa dobi."

"Zote?"

"Zote," nikasema. Ningefanyaje?

Mama akaanza kulia. Si kilio cha kelele, ni machozi tu yanashuka na yeye ameketi wima. Nilipigwa na butwaa. Dada wa mauzo akaguswa sana, akaleta karatasi laini, akaninong'oneza kwamba si wa kwanza, jiko hili linawaliza wengi.

Mama akafungua mkoba akatoa bahasha. "Baba yako alisema nikupe nikishaona. Nimeona."

Mwandiko wa baba naujua tangu aliponifundisha wangu. Barua ile ninayo mpaka leo. Iliandikwa hivi:

"Mwanangu, ile picha niliitazama kwa kioo cha kukuzia siku ileile ilipofika. Juu ya mlango pameandikwa Nyumba ya Maskini. Sikumwambia mtu, na mama yako nimemwambia alipopata viza, nikamwandikia herufi zenyewe kwenye karatasi ili ahakikishe. Sijui ni nini kilikupata huko, na sikuulizi. Maskini hata kwetu wapo, ila sisi hatuwajengei nyumba, wanakaa kwa ndugu zao. Chumba chako kipo na kitanda kimetandikwa. Rudi na mama yako."

Nilisoma mara mbili. Mnakula mara ngapi kwa siku. Mablanketi yanatosha. Mnaruhusiwa kutoka nje. Na mimi nilicheka! Miaka mitatu na ushee mzee yule alilala akijua bintiye yuko kwenye nyumba ya mafukara ya Wazungu, na asubuhi anaamka, anawaonyesha wageni picha.

"Fungasha," mama alisema huku akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Kama una cha kufungasha. Hakuna atakayekucheka, nitakuwa mbele yako."

Nikapiga magoti palepale kwenye zulia la maonyesho. Nikasema yote. Hii si nyumba yangu, mama. Sijawahi kulala humu hata siku moja. Nilikuwa naogesha wazee. Ni fleti ya kuuzwa, huyu dada ni muuzaji, sijui hata jina lake, na hata nikifanya kazi mpaka nizeeke siwezi kuinunua, maana siku hizi kuingia nyumba ya maskini lazima uwe tajiri.

Mama akanipiga kofi begani, kofi la kweli, la kukung'uta vumbi.

"Una njaa?" aliuliza.

"Sina, mama."

"Una pa kulala?"

"Ninapo."

"Basi mjinga wewe! Nimelia machozi yote haya kwa friji ya dukani? Nipeleke unapolala, na safari hii nisisikie uongo mwingine."

Dada wa mauzo alitufuata hadi mlangoni na kijitabu cha bei. Mama alikipokea kwa mikono miwili na kumshukuru kwa Kisambaa.

Brooklyn Park tulikuta fleti yetu kama ilivyokuwa siku zote, maana sikuwa nimepanga afike na kukagua. Vitanda viwili chumba kimoja, nguo za sare zimeanikwa kwenye viti, televisheni inapiga kelele, mwenye koti jekundu anakaanga vitunguu. "Shikamoo mama!" alisema, Kiswahili chake chote cha heshima kimeishia hapo. Mama akaitikia marahaba akiwa tayari ameshika mlango wa friji. Friji ilikuwa imejaa hivi kwamba fungu la sukuma wiki likamwangukia miguuni, na nyuma yake mfuko wa maziwa. Akachungulia chini ya sinki akaona mfuko mkubwa wa unga wa mahindi, tulionunua kwa Waliberia wa barabara ya pili. Akaukandamiza kwa ngumi kama anayepima ng'ombe. Hapo ndipo alipovua viatu.

Alikaa wiki sita, akatupikia, akatusema sote kwa vitanda visivyotandikwa. Simu ya kwanza kwa baba aliipiga mwenyewe, kupitia nyumba ya mchungaji. Nilimsikia akisema: "Ana unga. Gunia zima. Ndiyo, nimeukandamiza." Upande wa pili nikasikia baba anapenga kamasi. Sikuwa nimewahi kumsikia baba akilia, na hata siku ile alisema ni mafua.

Nilikwenda nyumbani mwaka uliofuata. Picha ilikuwa bado sebuleni, juu ya redio. Nilimwomba baba niishushe, nione hayo maandishi yaliyonitia adabu. Nikageuza fremu kwenye mwanga, nikatafuta juu ya mlango. Palikuwa na ukanda mwembamba wa karatasi, umekatwa kwa wembe na kubandikwa kwa gundi ndani ya kioo, umepakwa rangi ya maji nyekundu ilingane na matofali. Ilikuwa kazi safi kabisa. Usingeuona bila kuutafuta.

"Wageni wengi siku hizi wanasoma," baba alisema.

Nikamkumbusha kwamba nilipokuwa na miaka minane alinichapa fimbo tatu kwa kusema paka ndiye aliyevunja kikombe. Mwalimu mzima, mbele ya watu, miaka minne anasema uongo wa nyumba ya ghorofa!

"Kile kilikuwa kikombe," alisema.

Akaichukua fremu mikononi mwangu, akaipangusa kioo kwa mkono wa shati, akairudisha kwenye msumari wake. Karatasi aliiacha palepale.